Mtajieni Jina la Atakayeshika Kisu

Barua ya wazi kwa mawakala wa matibabu nje ya nchi

Ndugu mawakala,

Barua hii ni yenu ninyi mnaowasafirisha watu kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Zanzibar kwenda India na Uturuki kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule ambao mitaani tunauita kukata utumbo. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Siwaandikii kuwashitaki. Nawaandikia kwa sababu mtu anayeitafuta huduma hii hukutana na ninyi kabla hajakutana na daktari yeyote, na uamuzi mzito kuliko yote, wa nani atamfungua tumbo, mara nyingi mnamfanyia ninyi, naye hajui kwamba umeshafanyika.

Ombi langu lina pande mbili. Msipokee kianzio cha mteja kabla hajalijua jina kamili la daktari atakayempasua na kuzungumza naye. Na msimkatie tiketi kabla hajajua ni daktari gani wa hapa nyumbani atakayemfuatilia akisharudi.

Niseme mapema kwamba upasuaji wenyewe siupingi. Nimewaona watu wa kisukari walioachana na sindano za insulini baada ya kupasuliwa, na kina mama waliokuwa wakipanda ngazi kwa kushikiliwa wakirudi kliniki wametembea kwa miguu kutoka kituo cha daladala. Utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 uliwafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu yao waliopasuliwa na nusu ambao hawakupasuliwa, ukaonyesha kuwa vifo vilikuwa vichache zaidi kwa waliopasuliwa katika miaka iliyofuata. Katika vituo vyenye ithibati, vifo ndani ya siku 30 za mwanzo ni kama mtu 1 kati ya 1,000. Mwenye kilo 130, presha, sukari na magoti yaliyochoka, anapoamua kupasuliwa, anatafuta uhai. Anastahili msaada wetu sote, na asinyooshewe kidole na mtu.

Lakini matokeo hayo mazuri yametoka mahali ambapo mgonjwa alichaguliwa kwa vigezo, akaandaliwa, akapasuliwa na mtu anayejulikana, kisha akafuatiliwa miaka nenda miaka rudi. Mkiondoa mambo hayo manne, kinachobaki ni kisu na nusu kaputi.

Jumbe mnazowatumia wateja nimezisoma nyingi, kwa kuwa wagonjwa wenyewe hunionyesha simu zao. Zinaanza na "mpendwa", zinafuata picha mbili za mwanamke yuleyule, ya kwanza mnene na ya pili mwembamba, kisha bei, kisha ofa inayoisha Ijumaa. Ndani ya pakeji mna kupokelewa uwanja wa ndege, hoteli ya nyota nne, mkalimani, siku mbili tatu za kulala hospitalini, na matembezi ya boti Istanbul kwa atakayejisikia vizuri. Daktari anaitwa "timu yetu ya mabingwa". Mteja anajua aina ya gari litakalomchukua, na hajui jina la mtu atakayekata kiungo chake kisichoota tena.

Maana hakioti. Katika upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi, ule wa kuufanya mfuko wa chakula uwe mwembamba kama mrija, karibu asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo hukatwa na kutolewa nje moja kwa moja, na kilichobaki hufungwa kwa safu za pini ndogo za titani. Upo na ule wa kuchepusha njia ya chakula, ambao Edward Mason aliuanzisha Marekani mwaka 1966 na ambao umebadilishwa mara kadhaa tangu hapo. Huo unaugusa utumbo wenyewe, na una masharti yake ya maisha. Lipo pia puto, ambalo halikati kitu: huwekwa kwa kamera kupitia mdomoni, likakaa miezi sita au mwaka kutegemea aina, kisha likatolewa. Mteja wenu anatakiwa ajue anafanyiwa upi kati ya hiyo na kwa nini. Mtu mwenye kiungulia kikali cha miaka mingi, kwa mfano, huenda mfuko mwembamba ukamwongezea mateso, na daktari mzuri atamshauri njia nyingine. Hilo haliamuliwi kwa kuangalia orodha ya bei.

Sasa jina la daktari lina kazi gani? Kwa India, mteja akiwa na jina kamili na namba ya usajili, anaweza kumtafuta kwenye rejista ya madaktari ya National Medical Commission, chombo kilichochukua nafasi ya baraza la zamani mwaka 2020. Ataona kama huyo mtu ni daktari kweli na amesoma nini. MBBS peke yake ni shahada ya kwanza ya udaktari. Mpasuaji anapaswa kuwa na MS au DNB ya upasuaji, na juu yake awe amefundishwa upasuaji huu wa uzito. Kwa Uturuki, hospitali na kampuni zinazopokea wagonjwa wa nje hutakiwa kuwa na cheti cha idhini cha Wizara ya Afya ya nchi hiyo, chini ya kanuni ya mwaka 2017. Mwombeni mnayefanya naye kazi cheti hicho, mkisome tarehe na jina, kisha mmpe mteja nakala. Kama ninyi wenyewe hamjawahi kukiona, simamisheni safari.

Kuna nembo moja mnayoipenda sana, ile ya dhahabu ya JCI, na wenzenu wa India wana ya NABH. Ni ithibati za kweli na zina maana. Ila zinaipima hospitali: usafi wa chumba cha upasuaji, utunzaji wa dawa, namna wanavyohakikisha mgonjwa ndiye mwenyewe. Hazimpimi daktari mmojammoja. Ile ya JCI hudumu miaka mitatu, baada ya hapo hospitali hukaguliwa upya, kwa hiyo picha ya cheti ukutani bila tarehe haimwambii mteja chochote. Tena yako mambo ya kusikitisha ambapo nembo ni ya hospitali kubwa, ila mteja akifika hupelekwa kliniki ndogo ya jirani ambayo haina hata chumba cha wagonjwa mahututi. Mwenye mwili mzito anapata shida ya kupumua akiwa kwenye nusu kaputi na baada yake. Pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi ndani ya jengo hilohilo, asilale kwenye meza yao.

Mazungumzo na daktari yawe na daktari mwenyewe, kwa video, akiwapo mkalimani kama lugha haipandi. Mratibu wa wagonjwa wa kimataifa anayejibu usiku wa manane ni mtu wa mauzo, hata awe mkarimu namna gani. Mteja amuulize daktari: wewe binafsi hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka? Utanipasua wewe tangu mwanzo hadi mwisho, au utaingia na kutoka? Wangapi katika wagonjwa wako walivuja kwenye mshono wa pini mwaka jana, na uliwafanyia nini? Mgonjwa wa mwisho uliyemkatalia, ulimkatalia kwa nini? Swali hilo la mwisho nalipenda kuliko yote. Daktari makini atalijibu bila kufikiri sana, kwa kuwa huwakatalia watu mara kwa mara. Asiyewahi kumkatalia mtu yeyote hapimi, anapokea tu. Mfumo wa ithibati wa Marekani unataka kituo kinachoomba ngazi kamili kifanye angalau upasuaji 50 wa aina hii kwa mwaka, kwa sababu mkono usiozoea hukosea. Kwa upande mwingine, daktari anayeahidiwa kwa makumi ya wateja ndani ya wiki moja, lazima mjiulize nani hasa anayewapasua.

Halafu kuna suala la nani anastahili kwenda. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilirekebisha mwongozo uliokuwapo tangu 1991. Sasa wanasema upasuaji unafaa kwa mwenye BMI, yaani kipimo cha uzito kulingana na urefu, ya 35 na kuendelea, na unaweza kufikiriwa kuanzia 30 kama ana kisukari au maradhi mengine yanayotokana na uzito. Kwa mwanamke wa sentimita 160, BMI ya 35 ni karibu kilo 90, na ya 30 ni karibu kilo 77. Nawajua wasichana wa urefu huo wenye kilo 70 ambao mmewatumia bei. Anataka gauni la harusi limkae. Huyo hana sababu ya kukatwa, na atabeba masharti ya maisha yote kwa jambo ambalo mtaalamu wa lishe angelimaliza naye hapa hapa mjini. Kama anataka msaada zaidi ya huo, Muhimbili Mloganzila wanaweka puto. Mwambieni. Mtapoteza kamisheni moja.

Wala msimpe kile kinachoitwa njia rahisi isiyo ya kisu bila kujua ni nini. Mapema mwaka 2023 makumi ya watu waliochomwa sindano za botulinamu ndani ya tumbo huko Uturuki, ili wasisikie njaa, walipata sumu ya dawa hiyo. Wengine walirudi makwao Ujerumani, Austria na Uswisi misuli imelegea, hawawezi kumeza, na baadhi yao wakalazwa kwenye mashine za kupumulia. Nao walikuwa wameuziwa pakeji.

Maandalizi ndiyo mnayoyapuuza kuliko kitu kingine. Ratiba zenu huwa hivi: siku ya kwanza vipimo, siku ya pili upasuaji. Je, vipimo vya siku ya kwanza vikionyesha kidonda cha tumbo? Watu wetu wengi wana bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, na inafaa wapimwe kwa kamera na watibiwe kabla, jambo linalochukua wiki kadhaa. Je, moyo ukionekana una tatizo? Mtu ameshalipa, ameshaaga ndugu, hoteli inahesabu siku, na kila aliyemzunguka ana sababu ya kutaka mambo yaendelee. Vipimo vya damu, moyo, usingizi na kamera ya tumbo vinaweza kufanyika Dar es Salaam kabla ya viza, na majibu yakatumwa. Hata ile lishe ya wiki mbili ya kupunguza wanga, ambayo husinyaza ini ili daktari auone mfuko wa chakula vizuri, mteja aianzie nyumbani kwake. Wengi wanaondoka wakiwa wameagwa kwa pilau, na hakuna aliyewaeleza.

Mgonjwa mmoja nitamweleza kwa kirefu, bila kumtambulisha. Alifika kwetu ameshikwa mkono na mdogo wake, kwa kuwa alikuwa akiyumba kama aliyelewa. Alikuwa amepasuliwa nje wiki chache nyuma, na tangu arudi kila alichokunywa alikitapika. Wakala alimwambia kutapika ni kawaida, ajitahidi kunywa kidogokidogo. Nilipomtaka karatasi zake, mdogo wake alitoa bahasha ya plastiki yenye nembo nzuri ya kliniki. Ndani mlikuwa na pasi ya kupandia ndege, vocha ya hoteli, karatasi ya chakula yenye picha za jibini na zeituni, na ukurasa mmoja wa kuruhusiwa uliopigwa muhuri. Ukurasa huo ulisema amefanyiwa upasuaji wa tumbo kwa matundu na hali yake ni nzuri. Haukusema upasuaji upi. Haukusema mfuko umebaki kiasi gani, pini zimepita wapi, alipewa dawa gani ya kuzuia damu kuganda na kwa siku ngapi. Namba ya simu iliyoandikwa chini ilikuwa ya mratibu, na haikupokelewa.

Daktari wa zamu, kijana mwangalifu, aliuliza jambo ambalo lingeweza kumpita mwingine: macho yake yanacheza tangu lini? Akiba ya vitamini B1 mwilini haizidi wiki chache, na mtu anayetapika mfululizo baada ya upasuaji huu huimaliza. Ikiisha, ubongo unaumia, macho yanachezacheza, miguu inakosa mwelekeo, kumbukumbu inapotea. Na ukimtundikia dripu ya glukosi kabla ya kumchoma B1, unaweza kumharibu zaidi, ilhali glukosi ndiyo dripu ambayo zahanati yoyote itaikimbilia kwa mtu anayetapika. Alichomwa B1 kwanza. Macho yalitulia mapema. Miguu ilichukua muda mrefu sana, na alipoondoka wodini bado alikuwa anaegemea ukuta kwenda msalani. Alikuwa fundi cherehani, na kwake kukanyaga pedali ndiyo riziki.

Angekuwa na daktari wa kumpigia siku ya tatu ya kutapika, na ripoti kamili ya upasuaji mkononi, asingefika kwetu akiwa vile.

Hapo ndipo nusu ya pili ya ombi langu inaposimama. Kuvuja kwa mshono wa pini humpata mtu mmoja au wawili katika kila 100, hata kwenye mikono mizuri, na mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo, pengine mgonjwa akiwa ameshafika kwake. Dalili ya mapema huwa ni moyo kwenda mbio, zaidi ya mapigo 120 kwa dakika, pamoja na homa au maumivu ya bega la kushoto, hata kabla tumbo lenyewe halijauma. Damu kuganda miguuni na kupanda kwenye mapafu ni hatari nyingine, na kukaa kwenye kiti cha ndege saa saba kutoka Istanbul kunaiongeza. Kwa hiyo tiketi iwe inayobadilishika, mteja asiondoke bila daktari aliyempasua kumwona tena na kuandika kwamba anaweza kuruka, na aje na dawa zake za kuzuia damu kuganda.

Msidhani yanatupata sisi kwa kuwa ni wa nchi maskini. BBC iliripoti mwaka 2023 kwamba Waingereza saba walikuwa wamefariki baada ya upasuaji wa uzito Uturuki tangu 2019. Januari 2019 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha Marekani, CDC, kiliwaonya raia wake kuhusu upasuaji huu Tijuana, Mexico, baada ya wagonjwa kurudi na bakteria wasiosikia dawa hata zile kali za mwisho. Mgonjwa wenu akirudi na kidonda kinachotoa usaha, mwambieni aseme mlangoni tu kwamba alilazwa nje, ili apimwe na asiwaambukize wenzake wodini.

Baada ya hapo yanafuata masharti ya miaka yote, ambayo hayaonekani kwenye tangazo lolote. Vitamini kila siku, B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, na kipimo cha damu kila mwaka. Protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, na mtu anahitaji kuelezwa ataipata vipi kwenye dagaa, maharage, mayai na mtindi, si kwenye jibini la kwenye picha. Aliyechepushiwa njia ya chakula asimeze tena diklopa wala ibuprofeni, maana zitamchimbia kidonda pale utumbo ulipounganishwa, nasi hapa diklopa tunaimeza kwa kila maumivu na duka la dawa halimuulizi mtu. Mwanamke asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18. Uzito ukishuka, hata aliyekaa miaka bila kupata mtoto huweza kushika haraka, na kwa aliyechepushiwa njia, vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki. Nani kati yenu amewahi kumweleza mteja hayo?

Najua mnaishi kwa kamisheni, na kazi yenu ina jasho: barua za viza, tafsiri, kupokea simu za ndugu waliojawa hofu. Mlipwe. Lakini mteja ajue mnalipwa na nani na kiasi gani. Kanuni za maadili ya madaktari wa India za mwaka 2002 zinamkataza daktari kutoa au kupokea malipo kwa ajili ya kuletewa mgonjwa. Waliona hatari yake: anayelipwa kwa kichwa hamzuii mtu kwenda. Kama hospitali tatu zinawapa viwango tofauti, mteja ana haki ya kujua kwamba ile mnayoisifia ndiyo inayowalipa zaidi.

Basi wiki hii, kabla ya safari inayofuata, mchukueni mteja mmoja mliyenaye sasa. Mpeni jina la daktari na namba yake ya usajili. Mpangieni video naye. Mpelekeni kwa bingwa wa upasuaji wa hapa, mlipie hiyo ziara ya kwanza kutoka kwenye kamisheni yenu, na huyo bingwa aandikiane moja kwa moja na mwenzake wa nje. Kwenye mkataba andikeni kwamba ripoti kamili ya upasuaji, kwa Kiingereza, pamoja na picha au video yake, itatolewa kabla mgonjwa hajaondoka hospitalini, na kwamba kianzio kitarudishwa chote endapo daktari yeyote, wa hapa au wa kule, atasema hafai kupasuliwa. Hospitali itakayogoma masharti hayo, iondoeni kwenye orodha yenu, na mwelezeni mteja sababu.

Ni mimi,
Muuguzi wa wodi ya upasuaji,
Dar es Salaam